Mgeni njoo, uwanja upone

Ukitoka Nairobi kuelekea Nakuru na kuupita mji wa Gilgil, Ziwa Elmenteita hujitokeza upande wa kushoto. Karibu na hapo kuna kibao cha Kariandusi, mahali ambapo Louis Leakey aligundua mwaka wa 1928 mashoka ya mawe ya watu wa kale, mengine ya jiwe jeusi ling'aalo kama kioo.

Linalopendeza zaidi Kariandusi ni wepesi wa kuingia. Mgeni hulipa langoni, kisha huonyeshwa mashoka yakiwa yamelala pale pale yalipofukuliwa. Haulizwi kama amesomea mambo ya kale. Mtoto wa shule na profesa hupita njia moja.

Ikiendelea na safari, familia huingia katika nchi ya gofu. Nakuru kuna uwanja wa mashimo 18 chini ya Menengai, na Njoro upo wa mashimo 9. Ukirudi upande wa Naivasha, Great Rift Valley Lodge ina mashimo 18. Lakini familia nyingi huvitazama viwanja kama hivi kutoka nje ya ua, zikidhani ni vya matajiri peke yao.

Waama, mchezo wenyewe humtisha mwanagenzi. Shimo lina upana wa milimita 108 tu, na huenda likawa mita 400 kutoka anapoanzia. Akikosa mpira mara tatu, nyuma yake wapo mabingwa wanaomngoja kwa kununa. Huyo akienda nyumbani, harudi tena.

Dawa ipo. Huko Marekani, kampeni ilianzishwa mwaka wa 2011 ya kuwahimiza wachezaji waanzie karibu zaidi na shimo. Mwaka wa 2014 yakajaribiwa mashimo ya inchi 15, yaani sentimita 38 hivi, ili mpira uingie kwa urahisi. Nazo kanuni za 2019 zilipunguza muda wa kutafuta mpira uliopotea kutoka dakika 5 hadi 3, watu wasichoshwe na kungoja.

Viwanja vyetu navyo vyaweza kutenga alasiri moja kwa juma iwe ya familia. Watu wacheze mashimo matatu tu, wakodishe fimbo badala ya kununua, na bei ibandikwe langoni waziwazi. Walimu hawako mbali: wabeba fimbo huujua uwanja kama kiganja cha mkono, na wachezaji kadha wa kulipwa wa Kenya walianza kwa kazi hiyo hiyo.

Bonde la Ufa lina zawadi yake pia. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka mbali kuliko Mombasa. Anayeanza hupata moyo.

Wazee walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Nyasi za uwanja hukatwa na kutunzwa wakicheza kumi au mia, hivyo anayefungiwa nje ni hasara kwa klabu yenyewe.

Nawe msomaji, ukipanga kuzuru Kariandusi na watoto, piga simu kwanza katika uwanja mmojawapo. Uliza kama wasio wanachama hupokewa siku hiyo, na kama yupo wa kuwafunza wanaoanza. Wakiulizwa mara nyingi, huenda lango likafunguka.