Kilo 27

Mwenye nyumba wangu alinigongea mlango Jumapili moja ya Novemba, akaniuliza kama najua mizani.

Nilidhani sijamsikia vizuri. Nilikuwa na miezi mitatu tu Montana, na Kiingereza cha watu wa kule kilikuwa bado kinanipita pembeni. Akarudia taratibu. Binti yake anataka kumnunulia zawadi ya Krismasi, mizani mpya ya kupimia baruti, na kwa kuwa mimi nasoma shahada ya uzamili ya kemia, bila shaka nitajua ipi inafaa. Nikamwambia ndiyo, najua. Nilijibu haraka mno.

Tangu nihamie chumba cha chini cha nyumba yake nilikuwa namwita Mzee. Nilimweleza maana ya neno hilo akalipenda, na jirani zake wawili nao wakaanza kumwita hivyo. Lakini banda lake la gari nilikuwa sijaingia. Nilijua mna bunduki humo, na mimi bunduki nilizozizoea ni gobori la babu lililokuwa limeegemea ukuta nyuma ya kitanda chake huko Maswa, limeota kutu, na zile za walinzi wa benki. Siku hiyo niliingia kwa kuwa nilitaka kuonyesha ujuzi wangu.

Kumbe kujaza risasi upya ni kazi ya watu wengi huko. Risasi ikishapigwa, ganda lake la shaba linabaki zima. Mwindaji analiokota, analisafisha, analirudishia umbo kwa mashine ya mkono, anatia fataki mpya kitakoni, anamimina baruti, kisha anakandamiza kichwa kipya cha risasi juu yake. Inapunguza gharama kidogo, lakini Mzee alisema sababu yake hasa ni kwamba anataka kila risasi ifanane na mwenzake. Huwinda elki, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye ukubwa wa farasi, mara moja kwa mwaka, na nyama yake ndiyo kitoweo chake mpaka kiangazi kinachofuata.

Baruti ndiyo penye hatari. Ikizidi, shinikizo ndani ya bunduki linapanda kwa kasi kuliko kiasi kilichozidi. Ikipungua sana, kichwa cha risasi kinaweza kukwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikakuta njia imezibwa. Mzee alikuwa na rafiki aliyejisahau akamimina mara mbili katika ganda moja la bastola. Akaninyooshea mkono wake wa kulia, akakunja vidole viwili, kunionyesha vilivyoondoka.

Mizani yake ilikuwa ya mhimili, RCBS ya kijani ya miaka ya sabini. Haina betri wala kioo chenye tarakimu. Mhimili umekaa juu ya vijiwe viwili vya akiki, upande mmoja kisahani, upande wa pili vipimo vya kusogeza, na mwishoni sindano inayopanda na kushuka mpaka itulie mbele ya mstari. Inasoma mpaka greni 0.1. Greni ni kipimo cha kale, na jina lake maana yake ni punje ya nafaka tu. Pauni moja ina greni 7,000. Greni moja ni kama miligramu 64.8, kwa hiyo sehemu ya kumi yake ni miligramu sita na nusu, kitu kama robo ya punje ya mchele.

Nilimcheka kimoyomoyo. Mimi maabara napima vichujio vya moshi. Kila kiangazi misitu ya magharibi ya Marekani inaungua, na utafiti wangu ni kujua moshi huo unaacha nini hewani mjini. Tunavuta hewa kupitia kichujio cha duara chenye upana wa milimita 47 kwa saa 24, na tunakipima kabla na baada. Tofauti ya uzito ndiyo vumbi ambalo watu wamevuta. Siku ya hewa safi tofauti hiyo ni maikrogramu mia mbili, mia tatu. Mizani yangu inasoma maikrogramu moja moja. Ile robo ya punje ya mchele ya Mzee, kwangu ni maikrogramu 6,500.

Basi nikafungua kompyuta nikaanza somo. Nikamweleza kwamba mizani za kielektroniki ziko za namna mbili. Za bei rahisi, zinazopatikana kwa dola thelathini na kitu, zina kipande cha chuma kinachopinda kidogo mzigo ukiwekwa, na umeme unapima mpindo huo. Za gharama zinatumia sumaku, yaani mzigo ukisukuma chini, mkondo wa umeme unausukuma juu mpaka urudi mahali pake, na kinachopimwa ni ule mkondo. Nikamwonyesha A&D FX-120i, ambayo wapiga shabaha wengi wanaisifu. Inasoma gramu 0.001, na kwa greni inasoma kwa hatua za 0.02. Bei yake ikamfanya avue miwani.

Hapo akafungua droo akatoa mizani ndogo ya mfukoni, zawadi ya mpwa wake ya mwaka uliotangulia. Akaiwasha, akaweka kisahani chenye baruti, akachukua kibano, akaanza kuongeza chembe moja moja. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tarakimu haikutikisika. Akainua kisahani, akakirudisha. Ikaruka.

Nilibaki naitazama. Nilijua kanuni ya kipande kinachopinda, lakini hili sikulijua. Yeye ndiye aliyenieleza. Mizani za namna hii zimewekewa programu ya kupuuza mabadiliko madogo ya polepole, kwa sababu joto la chumba na umeme wenyewe vinaisogeza kidogo kidogo kila wakati, na mnunuzi hapendi kuona tarakimu zinachezacheza. Ukimimina kwa pupa inaona. Ukiongeza chembe moja moja, inadhani ni joto la chumba, na inaendelea kukuonyesha ileile tarakimu yake nzuri, iliyotulia.

Kisha akafungua kisanduku cha mawe ya mizani. Akachukua la greni 50 kwa kibano, si kwa vidole, maana mafuta ya ngozi nayo yana uzito, akaliweka kwenye ile ya kijani, akasubiri. Akafungua daftari. Ukurasa mzima ulikuwa tarehe, na mbele ya kila tarehe neno moja: sawa. Akaniruhusu kulipekua. Lilianzia 1978. Sawa, sawa, sawa, wino wa bluu, mweusi, penseli. Katikati kulikuwa na siku moja imeandikwa tofauti: haikuwa sawa, zimevunjwa 60.

“Zimevunjwa vipi?”

Akanionyesha nyundo ya plastiki yenye tundu kichwani. Unatia risasi humo, unagonga chini mpaka kichwa kitoke na baruti imwagike. Unafanya hivyo mara sitini.

“Zote zilikuwa mbovu?”

“Sikujua zipi zilikuwa mbovu,” alisema. “Ndiyo maana zote.”

Nilimshukuru, nikasema nitamletea jibu la mizani kesho yake, nikashuka chumbani kwangu. Chai niliyojitengenezea ilipoa mezani.

Nilipokuwa na miaka kumi, baba alinipeleka zahanati asubuhi moja ya msimu wa pamba. Sikuwa naumwa. Akamwomba muuguzi anipime uzito, wakanipima, kilo 27. Kutoka pale tukaenda moja kwa moja kituo cha kununulia, yeye akiendesha mkokoteni wenye pamba yetu, mimi nikiwa juu ya viroba. Mizani ya mnunuzi ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti. Zamu yetu ilipofika baba akaniambia nidandie ndoana kwa mikono miwili na nikunje miguu. Watu wakacheka. Mnunuzi naye akacheka, akidhani mtoto anacheza. Sindano ikasimama kwenye 24.

Baba aliitazama. Akanishusha. Akaning'iniza pamba.

Kwa miaka mingi nililisimulia tukio hili kama kichekesho, mimi nilivyokuwa jiwe la mizani. Nilipofika sekondari nikapiga hesabu: kilo tatu katika ishirini na saba ni moja ya tisa. Kwa kila viroba tisa tulitoa kimoja bure. Nikamuuliza baba kwa nini aliuza ilhali alishajua. Akasema ada ya kaka yako ilikuwa inangoja. Nikamuuliza sasa ulinipimia nini? Akasema, “Nilitaka kujua wananichukulia kiasi gani.”

Nina sababu ya kuyakumbuka hayo usiku ule. Maabara kuna daftari kama la Mzee. Kila siku, kabla ya kupima kichujio cha kwanza, unatakiwa kuweka mawe mawili, la miligramu 100 na la 200, uandike mizani ilichosoma, uweke alama ya vema. Vichujio vyenyewe lazima vikae saa 24 kwenye chumba chenye joto la nyuzi 20 hadi 23 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40. Hilo nililifuata kama ibada. Mawe niliyaweka wiki mbili za kwanza. Yakawa yanasoma vilevile kila siku, na kila jiwe linataka dakika zake mpaka tarakimu zitulie, na nilikuwa na foleni ya vichujio na mtihani wa takwimu. Siku moja nikaandika za jana. Kesho yake pia. Tangu katikati ya Septemba mawe yale yalikuwa hayajatoka kwenye kisanduku chake, na daftari lilikuwa limejaa vema kwa mwandiko wangu.

Jumatatu niliwahi maabara kabla ya mtu yeyote. Nikatoa jiwe la miligramu 100. Nikasubiri. Ilizidi kwa maikrogramu 19. Nikapitisha kifaa cha kuondoa umeme tuli, maana hewa ya baridi kule ni kavu hadi nywele zinasimama, nikapima tena. 19. La 200 nalo likakataa.

Maikrogramu 19 si kitu. Ni sehemu ndogo sana ya ile robo ya punje ya mchele niliyoicheka. Lakini katika siku ambayo kichujio kilibeba 200 tu, ni karibu moja ya kumi. Na kama mizani ilikuwa imepotoka kwa kiasi kilekile kabla na baada ya kupima kichujio, kosa linajifuta lenyewe kwenye kutoa. Nililishikilia wazo hili kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Lingetosha kabisa kuandikwa kwenye tasnifu, kwa sentensi moja, na nani angeuliza. Ila sikujua ilianza kupotoka lini. Ambacho kingeniambia ni daftari, na daftari nilikuwa nimeliharibu mwenyewe.

Vichujio vilikuwa 41. Kuna anayesoma hapa anayejua visa ya mwanafunzi inavyohesabiwa na ufadhili unavyoisha tarehe yake. Sina haja ya kumweleza nilichokuwa nakiona nilipokaa kwenye kile kiti.

Msimamizi wangu aliingia saa tatu. Nilimpa daftari likiwa wazi. Alisoma kurasa, akarudi nyuma, akaweka kidole kwenye tarehe moja ya Septemba.

“Kuanzia hapa?”

“Kuanzia hapo.”

Hakunifokea. Aliandika barua ambayo iko kwenye faili langu, na 41 zote zikatolewa kwenye data.

Jioni nilimpelekea Mzee jibu nililomwahidi. Nilimwambia achukue ile ya sumaku kama binti yake anaimudu. Zile tarakimu za ziada hazikuwa na uzito kwangu. Nilikuwa nimemwona akiinamisha shingo kutafuta sindano, na jicho likiwa juu kidogo ya mstari linasoma kingine. Achukue na jiwe la gramu la daraja zuri, aisawazishe palepale mezani kwake, maana mizani ya umeme inapima mvutano wa dunia, na ile ambayo imesawazishwa kwetu karibu na ikweta ingeonyesha gramu 100 kama 100.2 na ushei ikifika Montana. Ya mhimili haina tatizo hilo, kwani mvutano unavuta pande zote mbili. Kwa hiyo asiitupe ya kijani. Aiweke kando, ziulizane.

Aliuliza kwa nini macho yangu ni mekundu. Nikamweleza yote. Hakusema neno, akanisogezea ile nyundo ya plastiki, kisha akaonekana kama anaona haya kwa kufanya hivyo, akaenda kuchemsha kahawa.

Sasa ni Machi. Mawe nayaweka kila asubuhi, hata siku ambazo sina cha kupima. Ili nijaze nafasi ya vile 41 nahitaji moshi mwingine, na moshi hauji mpaka misitu iungue. Wenyeji wanaangalia theluji milimani na kufurahi kwamba mwaka huu ni nyingi. Nami naitazama theluji ileile, nahesabu miezi iliyobaki kwenye ufadhili wangu, na hilo sijamwambia mtu, hata Mzee.