Nilifumaniwa na Risiti ya Waya

Wapo wanaume wanaofumaniwa kwa meseji za simu. Mimi nilifumaniwa kwa risiti ya waya wa spika.

Tulikuwa na miezi minane kwenye ndoa, tumepanga Kigamboni, hatua chache tu kutoka baharini. Jumamosi starehe yetu ilikuwa muziki: taarabu ya mke wangu kwanza, kisha bongo fleva yangu. Basi spika ya kushoto ikaanza visa. Mara ikwaruze, mara ikate kabisa, ukigusa waya inarudi.

Nikaenda mjini. Muuzaji, maneno mengi kama mshenga, akanionyesha waya wa fedha wenye pini za dhahabu. "Kaka, shaba imepitwa na wakati. Hapa utasikia mpaka mwimbaji anavyovuta pumzi!" Laki tatu. Nikazitoa kwenye kibubu chetu cha kununulia kitanda. Nyumbani nikasema nimepewa na rafiki wa kazini.

Spika ikaimba safi. Nikatamba wiki nzima, mpaka mke wangu alipofua suruali yangu.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Aliiweka risiti juu ya redio, akaninunia siku mbili. Siku ya tatu akamwita mdogo wake, fundi umeme.

Shemeji akaomba waya wa zamani. Ncha zake zilikuwa za kijani. "Shemeji, hii ni kutu ya shaba. Hewa ya chumvi hiyo." Akakata ncha, akamenya plastiki mpaka shaba inayong'aa, akasugua sehemu waya unapoingia, akakaza. Spika ikaimba vilevile. Gharama: soda moja.

Kisha nikapewa darasa. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba, lakini kwa asilimia 6 hivi tu. Dhahabu iko nyuma ya shaba. Uwezo wake ni kama asilimia 70 ya shaba. Pini hupakwa dhahabu kwa sababu haishiki kutu, na kwa sisi wa pwani hiyo ni faida ya kweli, ila haina haja ya kugharimu laki tatu. Cha kuangalia ni alumini iliyopakwa shaba: nje nyekundu, ukiikwangua ni nyeupe. Hiyo hupitisha umeme kidogo zaidi, hivyo inataka waya mnene zaidi. Kwa umbali wa mita 10 na spika ya omu 8, waya wa shaba tupu wa 2.5, ule wa soketi za nyumbani, unatosha kabisa.

Nikabisha. Nikasema masikio yangu yanajua tofauti.

"Tutaona," akasema mke wangu. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu juzi.

Akanifunga kanga machoni. Mara 10 shemeji alibadilisha waya, au alijifanya kubadilisha. Wimbo uleule, sauti kiwango kilekile. Nilipatia mara 5, sawa na mtu anayerusha shilingi.

Kanga ilipofunguliwa, mke wangu alikuwa anacheka huku macho yamelowa. "Sikukasirikia waya, mume wangu. Ungesema unautaka, tungeenda wote. Kwa nini umsingizie rafiki?"

Sikuwa na jibu. Duka lilikataa kurudisha pesa, nami nikakijaza kibubu mwenyewe: elfu 20 kila wiki, wiki 15, mchana nikila mihogo kazini. Kitanda kilichelewa, lakini kilikuja.

Kwa hiyo msomaji, spika yako ikianza visa, usikimbilie pochi. Zima redio, kata ncha za waya, menya upya, kaza. Ikishindikana ukaingia dukani, risiti mwonyeshe mwenzio mwenyewe, kabla haijakutwa kwenye maji ya kufulia.