Punda wa Kuazima na Adabu ya Kurudisha



Leo tuzungumze juu ya kuazima, na hasa juu ya kurudisha. Kuazima sote twajua. Msimu wa harusi ukifika hapa Lamu, nusu ya vitu vya shughuli huwa vya watu: masufuria ya pilau ya jirani, mikeka ya shangazi, dhahabu ya mama mkubwa shingoni mwa bibi harusi. Kurudisha kitu kizima kwa mwenyewe ni rahisi. Kazi huja pale kitu ulichoazimwa kina ila, mwenyewe haijui, na wewe wataka kumrudishia bila kuvunja ujirani. Sisi yalitupata kwa punda.

Kwa wasioujua mji wetu, vichochoro vya Lamu ya kale havipitishi gari. Mizigo hubebwa na watu, mikokoteni na punda. Sisi ni dada wawili, twashona nguo za harusi na mapazia. Majora ya vitambaa yakishushwa gatini lazima yapande mpaka dukani, na mapazia yakiwa tayari lazima yafike kwa bibi harusi. Mwezi wa Shaaban, harusi zikiwa zimebanana kabla ya Ramadhani, mama mmoja mjane wa mtaani kwetu alituazima punda wake dume. Pesa hakutaka. "Mulisheni tu na mumpe maji, wanangu," akatuambia. Punda mwenyewe aliachwa na marehemu mumewe.

Wiki ya kwanza alikuwa mpole kama kondoo. Wiki ya pili akaanza kulaza masikio nyuma na kutaka kuuma kila akitandikwa shogi. Akifika kwenye kichochoro chembamba husimama kama nguzo, na watu nyuma yetu wakapiga kelele. Kisha siku moja akarusha teke, likampata mtoto wa jirani pajani. Alhamdulillahi mfupa ulisalimika, lakini paja lilivimba. Tulimpeleka hospitali na dawa tukalipa sisi. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu mwambao twayafuata, aliyekuwa na mnyama mkononi ndiye anayebeba hasara ya mnyama huyo. Hatukuweza kumwambia mama wa mtoto aende kwa mwenye punda.

Ushauri wa mtaani haukukosekana. Mmoja akasema punda dawa yake fimbo. Wa pili akasema tumfunge mlangoni kwa mwenyewe usiku tuondoke zetu. Wa tatu, na huyu ndiye aliyekaribia kutushawishi, akasema tumwambie yule mama kuwa kazi imekwisha, tumshukuru, tunyamaze. Kisha wote wakacheka: shukrani ya punda ni mateke.

Fimbo tuliikataa. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alipanda ngamia msumbufu akawa anamsukasuka, na Mtume, rehma na amani zimshukie, akamwelekeza kwenye upole. Tukampeleka punda kwenye hospitali ya punda, ile iliyofunguliwa hapa mjini mwaka 1987 na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza. Daktari alimtazama meno, kwato, mgongo na tumbo. Kidonda hakuna. Akatuuliza, "Kwao anaishi na nani?" Tukamwambia kuna punda jike, wamekua pamoja tangu wadogo.

Hapo akatueleza jambo ambalo wengi wetu tuliolelewa na punda mitaani hatukulijua. Farasi akiogopa hukimbia, lakini punda akiogopa mara nyingi husimama tuli, na watu wakasema mkaidi. Punda pia hushikamana na mwenzake, na wakitenganishwa huweza kutaabika, akaacha kula au akawa mkali. Hakutuandikia dawa. Alisema dawa yake iko kwao.

Kwa hivyo kumrudisha hakukuwa na shaka. Uzito ulikuwa kwenye maneno ya kurudisha nayo. Tulijua yule mama alikuwa na ahadi na fundi mmoja wa ujenzi: baada ya Idi angemkodisha punda huyo abebe mchanga na mawe. Pesa ile aliihitaji. Tukisema kweli, huenda fundi akaghairi. Tukinyamaza, punda angepelekwa peke yake kwenye mizigo mizito zaidi, katikati ya vijana wasiomjua, na teke la pili lingempata mtoto mwingine.

Wengi tukisikia neno amana huwaza kutopoteza na kutovunja. Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Mtume alipoazima deraya za Safwan bin Umayya kabla ya vita vya Hunayn, mwaka wa 8 wa Hijra, alimhakikishia kuwa ni azima yenye dhamana. Lakini mwenye mali ana haki nyingine pia: haki ya kuijua hali ya mali yake. Kumrudishia punda na kumficha teke ni kumrudishia nusu.

Basi tukajipanga. Asubuhi tulimwogesha baharini, tukamchana, tukampa pumba na majani mabichi. Tulimshonea tandiko jipya la gunia, tukalijaza vizuri lisimchubue. Hatukumfunga mlangoni, wala hatukumtuma kijana. Tulikwenda wenyewe, tukapiga hodi, tukangoja wageni waliokuwa darini watoke. Maneno haya si ya daka wala ya baraza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mbona mapema, harusi zimekwisha?"

"Hazijakwisha mama. Tumekuja kukurudishia amana yako, na tuna neno."

Tulianza na wema wake, kwa sababu ulikuwa kweli: wiki nzima ya mizigo, mgongo madhubuti, hatua ya uhakika kwenye ngazi za mawe. Kisha tukamweleza yaliyotokea kama yalivyotokea, bila kuongeza chumvi: kuuma, kusimama, teke, mtoto, hospitali. Mwisho tukampa maneno ya daktari.

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kwa marehemu hakuwahi kumgusa mtu." Hatukubishana naye. Yule hakuwa anamtetea punda peke yake, alikuwa anamtetea mumewe. Tulimwambia twamwamini, na kwamba hata daktari amesema akiwa kwao hatakuwa hivi. Jike alipomsikia akaanza kulia kule uani, na dume akamjibu kwa sauti ya kupasua masikio. Mama akaomba kujua hali ya mtoto. Tulipomwambia anatembea, akasema, "Alhamdulillahi," akamchukua punda wake.

Hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yalikuwa sukari. Fundi aliambiwa achukue punda wawili pamoja au aache, naye akaacha. Sisi tulilipa mikokoteni mpaka msimu ukaisha, na faida ikapungua. Kwa wiki mbili yule mama akitupita dukani alitusalimu kwa mkato. Ramadhani ilipoingia, siku ya tano, mjukuu wake akaleta sahani ya mkate wa sinia wakati wa futari. Akasema bibi anauliza kama tunaweza kushona tandiko la pili, la yule jike.

Dada zetu, na hasa nyinyi mabibi harusi, mtaazima mengi mwaka huu. Haya ndiyo tuliyoyashika.

Rudisha mwenyewe, kwa mkono wako, na gharama ya kurudisha iwe yako.

Ukiona ila, mwambie mwenyewe, na umwambie peke yake. Kumweleza mwenye mkufu kwamba kifungo kimelegea ni nasaha. Kuwaeleza waliokaa barazani ni kumvunjia heshima.

Anza na wema uliouona, kama upo. Katika Sahih Bukhari kuna habari ya usiku ambao watu wa Madina waliingiwa na hofu. Mtume aliazima farasi wa Abu Talha, farasi aliyejulikana kwa uzito wa mwendo, akatoka kwenda kutazama. Aliporudi, aliwatuliza watu, na akamsifu farasi yule kwa kasi, akamfananisha na bahari. Mwenye kuazimisha alirudishiwa farasi wake pamoja na neno zuri mbele za watu. Kwa hivyo sifa isemeni hadharani, na ila isemeni faraghani.

Na kitu kisirudi kama kilivyotoka, kirudi na ziada japo ndogo. Mama zetu walitufunza kuwa sahani ya jirani hairudi tupu. Mkufu urudi umesafishwa, sufuria irudi imesuguliwa mpaka chini, shela irudi imefuliwa na uzi uliofumuka umeshonwa.

Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotunza amana na ahadi zao, awape mabibi harusi wetu nyumba zenye utulivu, na asitukoseshe majirani wa kutuazima. Amin.