Mahindi Si Samaki: Matembezi Yangu Ufukweni Bagamoyo

Ndugu zangu wakulima na wafanyabiashara, mnanijua: nikipata likizo naelekea Bagamoyo. Wengine hunitania kwamba mtu wa Kibakwe anafuata nini baharini. Lakini mji ule si mgeni kwetu. Zamani misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita Mpwapwa ikielekea pwani, na wengi safari yao iliishia Bagamoyo.

Mimi hupenda kutembea ufukweni asubuhi na mapema. Naanzia upande wa Boma la Wajerumani, nafuata mchanga taratibu hadi soko la samaki, karibu na jengo la forodha la zamani. Saa hizo ngalawa na madau yanaingia. Wanunuzi wanakunja nguo na kuingia majini kupokea, na mnada unaanza palepale.

Mara ya mwisho nilisimama nikaangalia bei tu. Samaki wa kwanza waligombewa. Jua lilipopanda na vyombo kuongezeka, bei ikashuka. Mvuvi hakuwa na la kufanya, maana samaki hasubiri. Pembeni alikaa mama mmoja mkaanga samaki, ametulia.

"Shikamoo mama. Mbona hushindani na wenzio?"

"Marahaba mwanangu. Nina karai na mafuta, niharakie nini? Nasubiri washushe."

Nilirudi nilikofikia nikiwaza nyumbani. Mwaka niliodaiwa ada ya chuo, mama yangu aliuza magunia manne ya mahindi mwezi Juni. Ada ingetosha kwa mawili. Mawili mengine aliyauza kwa kuogopa dumuzi. Januari tukawa tunanunua mahindi kwa debe, kwa mkopo, bei imepanda zaidi ya mara mbili. Simlaumu, hakuna aliyemwonyesha namna ya kuhifadhi. Ndiyo maana naandika leo.

Mahindi yanaweza kusubiri, ila nasi tuwe na karai letu:

1. Anika juu ya turubai, si chini kwenye udongo.

2. Pima ukavu. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, weka mahindi kiasi cha theluthi na vijiko viwili vya chumvi kavu. Funga, tikisa vizuri, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani.

3. Hifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa. Ina mifuko miwili ya plastiki ndani na mmoja wa nje. Toa hewa yote, kisha funga kila mfuko peke yake. Wadudu watakosa hewa na kufa, bila dawa. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta na panya.

4. Karanga nazo zikauke vizuri. Chambua zenye ukungu uzitupe, usile wala usiuze. Sumukuvu iliua watu mkoani kwetu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

5. Uza kwa mafungu. Piga hesabu ya chakula cha nyumbani kwanza, uza kinachotosha shida iliyopo, kinachobaki kisubiri bei.

Msimu huu, kabla hujaita mnunuzi, jiulize: ninauza kwa sababu nina shida, au kwa sababu naogopa wadudu? Kama ni wadudu, njoo ofisini na chupa yako tupime pamoja.