Kiti Kinashikwa na Nini?

Wengi mmetuuliza, kwenye foleni ya maji na hata mkitoka kusali, mbona gari la kundi letu limelala siku nyingi kwa fundi wala halijaanza kubeba watu. Gari lipo, injini ni nzima. Kilichotuchelewesha ni viti. Na kwa kuwa habari ya viti inamhusu kila anayepanda gari na mtoto, si sisi wenye gari tu, tumeona tuiandike hapa.

Gari lenyewe ni Hiace ya zamani iliyotengenezwa kubeba mizigo. Nyuma haikuwa na kiti hata kimoja, ni sakafu ya bati na mbavu za chuma. Ndivyo yanavyotufikia mengi ya magari haya hapa Maniema: yamezeekea Japani, yakapita Dubai, yakazeeka tena Lubumbashi au Bukavu, na yakifika Kindu ndipo yanapogeuzwa kuwa magari ya watu.

Fundi wa kwanza alitupa bei nzuri mno. Mabenchi mawili marefu kandokando ya gari, godoro la sponji juu, skai juu ya sponji, miguu ya benchi ichomelewe moja kwa moja kwenye sakafu. Watu 18, wanatazamana, mizigo katikati. Siku mbili kazi imekwisha. Fundi wa pili alisema anajua mahali vilipo viti vya basi dogo lililokufa injini, viti vya kweli vyenye migongo, vinavyotazama mbele. Lakini vitaingia 11 tu, na kazi ni ya juma zima.

18 au 11? Hapo ndipo kikao kilipochukua saa tatu.

Sisi tunaofundisha fizikia tuliombwa tuieleze hesabu kwa lugha ya nyumbani, tukaieleza hivi. Gari likienda kilomita 50 kwa saa na kugonga mti, gari linasimama, lakini aliyemo ndani hasimami. Anaendelea mbele kwa mwendo ule ule, na atapigwa kama mtu aliyeanguka toka juu ya mchikichi wa mita 10. Mama mmoja akasema hapa kwetu, kwa mashimo haya, nani anakwenda 50? Ni kweli. Tukapiga hesabu ya 30: mita tatu na nusu, kama kuanguka toka juu ya paa la nyumba. Nani angemtupa mtoto wake toka juu ya paa kwa sababu si mchikichi?

Sasa mtoto wa kilo 20 aliyefungwa mkanda, gari likitoka 50 na kusimama ndani ya nusu mita, anavuta kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 400. Ni mifuko minne mikubwa ya mchele, inavuta mara moja. Mkanda ukiwa umefungwa kwenye kiti, kiti kinabeba mifuko hiyo. Kiti nacho kinashikwa na nini? Na sakafu. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi si uzuri wa skai wala rangi yake, ni chini ya sakafu kuna nini.

Sakafu ya gari kama letu ni bati la milimita moja hivi, na katika gari kuukuu kutu imekwisha kulila mahali pengi. Bulo ikipita katika bati tupu, siku ya ajali itang'oka pamoja na kipande cha bati, kama kifungo kinavyong'oka na kitambaa cha blauzi iliyochakaa. Kila mshonaji kati yetu anajua dawa yake: unatia kiraka kwa ndani, nyuma ya kifungo. Fundi naye atie kiraka. Bamba la chuma nene, pana kama kiganja au zaidi, liwekwe chini ya sakafu, bulo ipite katika bati na bamba pamoja, ndipo ekru ikazwe. Vile vibati vidogo vya duara, rondele, havitoshi. Na panapowezekana bulo ifuate mbavu za gari, si katikati ya bati palipo laini.

Bulo zenyewe mziangalie kichwani. Iliyoandikwa 8.8 ni chuma kigumu kinachofaa kazi hii. Isiyo na namba yoyote ni ya mlango wa kuku.

Kuchomelea miguu ya kiti kwenye sakafu, kama alivyotaka fundi wa kwanza, kunaonekana kuwa na nguvu, lakini moto unaliunguza lile bati jembamba, na kutu inaanzia hapohapo pembeni pa kovu. Tena moto wenyewe ni hatari. Kabla ya kuchomelea chochote, betri ifunguliwe. Kabla ya kutoboa tundu lolote, fundi alale chini ya gari aone mabomba ya mafuta na ya breki yanapita wapi, na tanki liko wapi. Fundi wetu alilala chini ya gari asubuhi nzima, na wapita njia wakatucheka kwamba tunamlipa mtu wa kulala. Tulimlipa kwa furaha.

Na sponji ile ya godoro inashika moto upesi, moshi wake ni sumu. Katika Hiace za namna hii injini iko chini ya viti vya mbele. Tulikataa sponji tupu isiyofunikwa vema, hasa mbele.

Mabenchi ya kando tuliyakataa kwa sababu nyingine. Aliyekaa ubavu, gari likifunga breki, hana mgongo wa kiti mbele yake wala nyuma yake wa kumzuia. Anateleza juu ya benchi, anamwangukia jirani, na jirani anamwangukia wa tatu. Wa mwisho, ambaye mara nyingi ni mtoto aliyesukumwa pembeni, anawapokea wote.

Haya si ya Kindu peke yake. Kinshasa wanaijua Mercedes 207, gari lililoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1977. Yaliyokuwa ya mizigo yalifika huko kwa wingi yakiwa makuukuu, mafundi wakayatoboa madirisha na kuyatia mabenchi. Abiria wakayapa jina esprit de mort, roho ya kifo. Serikali ilipoleta mabasi mengine baadaye, hayo yakaitwa esprit de vie, roho ya uhai; jina la kwanza lilikuwa limewachoma. Kenya nao, mwaka 2003, waziri John Michuki aliweka sheria za matatu zilizoanza kushika Februari 2004: mkanda kwa kila kiti, mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, na zile gari ndogo zilizokuwa zikibeba 18 zikashushwa hadi 14. Wenye magari waligoma. Sababu yao ilikuwa ileile ya mhazina wetu.

Kwa maana mhazina wetu hakuwa mjinga wala mwenye roho mbaya. Gari tulilinunua kwa mkopo wa AVEC yetu, franga za wauza samaki na wauza mihogo. Kwa watu 18, alisema, mkopo tunaumaliza kwa miezi 10. Kwa watu 11, miezi 16, hata tukiacha mafuta kando. Hiyo miezi sita ni karo za watoto wa watu. Tulimsikiliza, na hesabu yake ilikuwa sawa. Mwisho mama mmoja mzee akauliza nani kati yetu yuko tayari kumtia mjukuu wake kwenye nafasi ya 18. Hakuna aliyenyosha mkono. Tukapiga kura, viti 11 vikapita kwa kura nne.

Jambo moja lililotupa shida zaidi kuliko viti: gari lilitengenezewa Japani, ambako wanapita kushoto, na sisi tunapita kulia. Mlango wake wa kuteleza uko kushoto, kwa hiyo watoto wanashukia katikati ya barabara, pikipiki zinapopita. Kuuhamisha mlango hatuna uwezo. Shofere ameagizwa asimame ndani ya uwanja wa shule, si barabarani, na mtu mzima ashuke wa kwanza.

Wamama wenye watoto wachanga, tafadhali: mtoto ashuke mgongoni kabla hamjakaa. Akibaki hapo, siku ya kugonga yuko kati ya uzito wako na kiti. Mpakate, mkanda upite chini ya tumbo, juu ya nyonga zako wewe peke yako, usimzungushe naye ndani. Kumpakata nako si kinga kamili, mikono ya mama haishindi mifuko ya mchele, lakini angalau humgandamizi.

Viti 11 vimekwisha kufungwa. Mikanda imepatikana sita tu, mingine inangojewa kwa treni ya Lubumbashi, nanyi mnaijua treni yetu. Mpaka ifike, viti sita vyenye mikanda ni vya watoto, wakubwa watakaa kwingine, hata kama ni mama rais wa kundi. Nauli ya kutoka Alunguli hadi Kalima itatangazwa baada ya kikao cha Jumapili, na itapita kidogo ya magari mengine.