Jeki Chini ya Meza

Nilipoanza kujifunza useremala Keko, Dar es Salaam, urembo wa ukingoni mwa mbao ulikuwa kazi ya mkono. Mjomba wangu, mwenye karakana, alikuwa na randa mbili za zamani: moja kisu chake kilinolewa kwa umbo la nusu duara, nyingine ya kupigia mfereji. Kitanda cha mninga kikifika hatua hiyo, sisi vijana tulikaa pembeni. Mninga una tabia ya kugeuza nyuzi ghafla. Kisu kikizifuata vibaya kinang'oa kibanzi, na ubao wa gharama unaishia kuwa mguu wa stuli. Urembo ulikuwa wa mjomba peke yake, na mteja aliulipia kando.

Kisha rauta, mashine za umeme za kuchonga urembo huo, zikaanza kusikika karakana za jirani. Zile kubwa za Kijapani, kama Makita 3612, zilisifiwa jinsi watu wanavyosifia malori: wati 1,650, mizunguko 22,000 kwa dakika, biti, yaani kisu kinachozunguka, yenye mkia wa nusu inchi. Ukisema unataka kununua, kila mtu alikuuliza wati tu. Mjomba akapata moja iliyokwisha kutumika. Kwenye ubao mpana ilikwenda vizuri sana, lakini mashine ya karibu kilo 6 ukiiweka juu ya kipande chembamba inakosa pa kukaa. Inayumba, na urembo unayumba nayo. Ndipo tukafanya kama wengine: tukatoboa meza, tukaining'iniza kichwa chini, tukawa tunasukuma mbao, mashine imetulia.

Meza yenyewe ilikuwa plaiwudi ya milimita 18. Unene huo ulikula urefu wa biti, kwa hiyo baadaye tukakata dirisha katikati na kupachika sahani ya alumini ya milimita 6. Hiyo ilikuwa kazi rahisi. Shida ilikuwa kupandisha na kushusha. Rauta ya aina hii ina springi zilizowekwa ili ikiwa mkononi ijiinue yenyewe. Ukiigeuza, springi zinaisukuma chini, na uzito wake unavuta chini vilevile. Kijana mmoja alilala chali chini ya meza, unga wa mbao ukimwingia machoni, mkono mmoja ukibeba mota na mwingine ukikaza. Mjomba alisimama juu na kipimo.

"Pandisha kidogo."

"Hapo, mjomba?"

"Umepitiliza. Shusha nusu."

"Imeshuka yote, mjomba."

Kukata kwenyewe kulichukua dakika chache. Asubuhi iliishia kwenye kupima.

Fundi wa kuchomelea wa mtaa wa pili ndiye aliyetukomboa. Tulizitoa springi, naye akatengeneza fremu ndogo ya chuma yenye nondo ya uzi wa milimita 10 inayosukuma kitako cha mota, mfano wa jeki ya gari. Uzi wa kawaida wa ukubwa huo hupanda milimita 1.5 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo robo ya mzunguko haifiki hata nusu milimita. Tuliweka alama nne za rangi kwenye mpini, na nati ya pili ya kufunga, kwa sababu mtetemo wa rauta hulegeza kila kitu kisichofungwa. Tangu siku hiyo mwanafunzi mgeni aliweza kuambiwa "panda robo" akapanda robo. Ujuzi uliokuwa kwenye kiganja cha mjomba ukahamia kwenye uzi wa chuma. Yeye alifurahi na kununa kwa wakati mmoja.

Kilichotulazimisha kufikiria upya ni makabati ya jikoni. Milango ya paneli hutumia biti mbili zinazojibizana: moja inachonga mfereji kwenye fremu, nyingine inatoa ulimi wa kuingia humo. Kimo kikitofautiana nusu milimita, ukucha unakwama kwenye kiungo, na mteja wa siku hizi hupitisha ukucha kabla ya kutoa pesa. Halafu kuna biti pana ya kuchonga paneli, ya milimita 80. Kwa mizunguko 22,000 ncha yake inakimbia zaidi ya kilomita 330 kwa saa. Mashine isiyoweza kupunguza kasi haifai hata kufungwa biti hiyo. Iteremshe kwenye 10,000 na ncha inabaki kama 150.

Binamu yangu aliyeko Marekani alijitolea kunitumia lifti ya kiwandani ya kupandishia rauta. Lifti hizo ni vyombo vizuri, na hutumia wazo lilelile la jeki yetu, ila vimechongwa kwa usahihi. Kabla hajalipa nikamwuliza kipenyo cha tundu la mota. Akajibu inchi 4.2, kwa ajili ya mota ya Porter-Cable 7518, ambayo ni ya volti 120. Umeme wetu ni 230. Ningehitaji transfoma ya kubeba mashine kubwa, au adapta ya kuvalisha mota nyingine. Nikamshukuru. Lifti ndiyo inayochagua mota, na mota inachagua umeme.

Hatimaye nilichukua Triton TRA001. Ina wati 2,400, lakini sikuinunua kwa hizo. Kasi yake inashuka hadi 8,000, lifti yake imo ndani: unatoa springi, unapitisha mpini kwenye tundu la sahani, unazungusha ukiwa umesimama. Ikipanda hadi mwisho, shafti inajifunga na koleti, kishikio cha biti, inatokeza juu ya meza, biti inabadilishwa kwa spana moja. Kwa kingo ndogo tuna meza nyingine yenye rauta ya mkono mmoja, ile ya mota ya milimita 65, ambayo lifti zake za bei nafuu zimejaa sokoni.

Mjomba alipoiona akauliza kama mninga nao umekubali kunyooka. Haujakubali. Bado tunasukuma mbao kutoka kulia kwenda kushoto, bado tunakata kidogo kidogo na kuacha nusu milimita kwa mkato wa mwisho, na bado anayejua kusoma nyuzi ndiye anayeamua ubao uanze na upande gani.

Kijana akiniuliza leo anunue ipi, ninampa kazi ya kufanya dukani. Omba uigeuze kichwa chini. Tazama mkono wako unafika wapi, koleti inatokeza kiasi gani, kifungo cha kimo kinashika au kinateleza. Pima kipenyo cha mota uandike. Kama pesa ni ya mashine tu, nunua mashine yenye kasi inayopungua, kisha umpelekee vipimo fundi wa kuchomelea. Wati utaulizia mwisho.