Pete ya Jumapili Usiku

Ndugu msomaji, kabla hujamnyang'anya mwanao simu na kuifungia kabatini, nisikilize kidogo. Mimi si kijana. Nina mke na watoto watatu, nina shamba la pamba huku Maswa na ng'ombe wachache, nami nalicheza mchezo wa kompyuta nikiwa mtu mzima wa miaka 41, hata nikakosa usingizi kwa ajili ya pete isiyoshikika kwa mkono. Haya sikuyasoma kitabuni wala sikusimuliwa.

Nalikwenda Uingereza kwa masomo mwaka 2018, nikakaa katika mji wa Leeds hata mwaka 2021. Nyumba tuliyopanga tulikuwa wanne, kila mtu na chumba chake na ufunguo wake. Wewe uliyezoea kijijini, ambako huwezi kupita njiani pasipo kuulizwa habari za nyumbani, hutafahamu upesi upweke wa nyumba kama ile. Kijana wa chumba cha pili akanihurumia, akanionyesha mchezo uitwao World of Warcraft.

Mchezo huo ulitolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani mwaka 2004. Mwezi wa Agosti 2019 wakautoa tena katika sura yake ya kale, kwa ajili ya watu walioutamani ulivyokuwa zamani, nao ndio nilioucheza mimi. Hauchezwi na mtu peke yake. Ni nchi kubwa iliyochorwa, ina milima, maziwa, masoko na njia, na maelfu ya watu, kila mmoja kwake mbele ya kompyuta yake, hukutana humo wakati mmoja kwa njia ya intaneti. Kila mtu huchagua atakuwa nani. Mimi nilipoona ya kuwa kuna taifa la watu wenye vichwa vya ng'ombe, wakaao katika mahema kwenye nchi ya majani, sikutazama mengine. Msukuma achague nini tena? Nikawa mwindaji, nina upinde na simba niliyemfuga. Ada yake ilikuwa kama pauni 10 kwa mwezi, nami nikajiambia ya kuwa ni rahisi kuliko baa.

Basi katika nchi ile wako watu wa namna mbili. Wako wenye saa nyingi, ambao huingia kila siku, na wako wenye saa chache, waingiao kwa burudani baada ya kazi. Mimi nalikuwa wa hao wa pili: jioni mbili kwa juma, saa mbili mbili. Mwenzangu wa chumba cha pili alifika daraja la juu kabisa, la 60, kwa mwezi mmoja na nusu. Mimi nilitumia miezi sita, wala sikuona shida. Nalikuwa nikivua samaki katika mito ya kuchorwa huku nikisikiliza redio ya nyumbani.

Shida ilianza nilipofika daraja hilo, maana hapo hakuna tena kupanda, kuna kuvaa tu. Nguvu ya mtu hutoka katika silaha na mavazi yake, na vile vilivyo bora sana vimeshikwa na majitu yakaayo mashimoni. Shimo moja laitwa Molten Core, pango la moto, na waingiao hufika watu arobaini kwa pamoja. Humo kila mtu ana kazi yake. Kuna jitu moja, Baron Geddon, ambalo humgeuza mmoja wenu kuwa bomu, naye sharti akimbie mbali na wenzake kabla ya kulipuka. Mara yangu ya kwanza sikujua, nikasimama palepale nikishangaa, nikawaunguza watu tisa. Walicheka sana. Nami nikacheka, nikaona nimepata jamaa.

Wa mwisho katika pango ni Ragnaros, mwenye nyundo, atokaye katika ziwa la moto. Mkimwua, hamwezi kupigana naye tena mpaka juma lijalo, naye huacha vitu vichache tu kwa watu wote arobaini. Mojawapo, siku zikiwa njema, ni pete iitwayo Band of Accuria, ambayo wawindaji na wapigaji wa majambia huitamani kupita kiasi. Majuma mengi haitoki kabisa.

Katika chama chetu alikuwamo mwindaji mwingine, mtu wa Ureno, aliyeumia mgongo kazini, hatoki nyumbani. Nataja jambo hili kwa sababu ni rahisi kumdhania mwenye saa nyingi kuwa mvivu. Wengine wana saa nyingi kwa sababu maisha yamewanyang'anya kila kitu kingine. Huyu bwana aliingia pangoni kila Jumapili tangu Desemba 2019, hakukosa hata moja. Ndiye aliyenifundisha kukimbia nikigeuzwa bomu.

Jumapili moja ya mwezi wa Mei 2020, wakati ule watu wote wamefungiwa nyumbani kwa sababu ya korona, pete ikatoka. Yeye alikuwa katika juma la ishirini na mbili. Mimi nalikuwa katika juma la tano. Desturi ya chama chetu ilikuwa kura: kila anayeitaka hupewa na mashine namba yoyote kati ya 1 na 100, mwenye kubwa huchukua. Tuliitaka watu sita. Mreno akapata 64, akawa juu ya wote, na watu wakaanza kumpongeza. Mimi nalikuwa sijapiga yangu. Nikapiga, nikapata 91.

Kukawa kimya. Kisha yeye akaandika neno moja, "Hongera," na baada yake, "Tutaonana Jumapili."

Sasa sikia sheria ya mchezo ule. Kitu kama kile ukishakitwaa ni chako milele, huwezi kukiuza wala kumgawia mtu. Ila kwa muda wa saa mbili tu tangu kitolewe, waweza kumkabidhi mwenzako mliyekuwa naye katika vita ileile. Saa mbili nzima, ndugu msomaji! Nilikaa kitini nikiitazama saa. Nikajiambia ya kuwa kura ni kura. Nikajiambia ya kuwa mimi mwenye saa chache nafasi hii haitanirudia, bali yeye atakuwako juma lijalo na la pili yake. Maneno hayo yote yalikuwa ya kweli, hata leo siwezi kuyakanusha, wala yeye hakuniomba. Angeniomba ningempa upesi. Saa mbili zikaisha, nikaenda kulala na pete yangu, na usingizi haukuja.

Ungefikiri mtu aliyekwisha kupata alichokitaka atatulia. Mimi niliona haya, na haya ile ikanitia mbio. Nilitaka watu waone ya kuwa naistahili, kwa hiyo nikaanza kwenda kila Jumapili bila kukosa. Lakini kwenda si kwenda tu. Sharti uwe na dawa za kunywa, na majani ya kutengenezea dawa, na mishale, na fedha ya mchezoni ya kukarabati silaha, na hayo yote hutafutwa mapema. Jioni mbili zikawa tatu, zikawa tano. Wala huko pangoni sikucheka tena mtu akiwaunguza wenzake. Nalikasirika.

Kabla ya hapo, saa kumi na mbili jioni ya Jumapili, ambayo kwetu huku ni saa mbili usiku, ndiyo ilikuwa saa ya kumpigia simu Mama Neema. Tuliongea mpaka salio liishe: bei ya pamba, homa ya mtoto, ugomvi wa mpaka na jirani. Sasa saa ile ikawa ya kuchuma majani ya kuchorwa. Simu ikafupishwa, kisha ikahamishiwa Jumatatu asubuhi, na Jumatatu asubuhi mimi nimelala.

Mwezi wa Julai alikuja mnunuzi wa ng'ombe. Mke wangu alitaka shauri langu juu ya mtamba mmoja, maana paa la nyumba lilihitaji mabati. Akanipigia Jumapili usiku mara tatu. Mimi nimevaa visikizio vya kusikilizia amri za vita, sikusikia. Asubuhi mnunuzi akataka kuondoka, mama wa watu akamwuzia kwa bei ya hasara. Mtamba yule alikuwa wa uzao wa ng'ombe wa baba yangu. Hakunilaumu, aliniambia tu, "Nilikupigia mara tatu, Baba Neema."

Nisikudanganye, sikuacha siku ile. Nalisema ni bahati mbaya. Niliyeniweza ni Neema, wakati huo ana miaka minane. Siku moja ya Agosti akachukua simu kwa mama yake akaniuliza, "Baba, mama anasema Jumapili uko kazini. Ni kazi gani hiyo ya usiku?" Mke wangu si mwongo. Mimi ndimi niliyemfanya aseme vile, ili kunifichia aibu mbele ya watoto. Nikamjibu mtoto ya kuwa ni kazi ya kuhesabu. Hata hilo lilikuwa uongo.

Juma la pili yake nikamwaga Mreno. Nilimweleza habari za mtamba na za mtoto. Akanijibu kwa maneno machache, "Nenda ukaongee na watoto wako, pango halihami." Mpaka siku ile alikuwa hajaipata pete.

Mwezi wa Juni 2021, mchezo ule wa kale ulifunguliwa nchi nyingine mpya. Nikasikia kwa yule kijana wa chumba cha pili ya kuwa vitu vingi ambavyo watu arobaini walivipigania kwa miezi vimepitwa na vitu apewavyo mtu siku ya kwanza huko, kwa kazi ndogo ndogo tu. Ndivyo ilivyo desturi yake. Hata wenyewe wachezaji huligombania jambo hili. Katika mchezo ulioendelea mbele, si huu wa kale, wenye kampuni waliweka mwaka 2011 mlango wa kuwaingiza wenye saa chache mashimoni, majitu yakiwa dhaifu na mavazi yake hafifu kidogo. Wenye saa nyingi wakanung'unika ya kuwa cha adimu kimefanywa cha kila mtu. Nalikuwa pande zote mbili, kwa hiyo nawaelewa wote: thamani ya pete yangu, nikisema kweli, ilikuwa ni ile namba 64 ya Mreno.

Sasa nije kwako mzazi, maana utasema mambo haya ni ya Ulaya. Simu ya mwanao ina mchezo wa namna hiyohiyo, ila humo mara nyingi mtu hatoi saa zake, hutoa fedha. Hulipa, gurudumu likazunguka, akapata vazi la adimu au takataka. Makasha ya bahati kama hayo yamekuwa hoja ya serikali mbalimbali. Uchina tangu 2017 iliwalazimisha wenye michezo kutangaza bahati ya kila kitu ni ngapi, na Ubelgiji mwaka 2018 ilitamka ya kuwa makasha ya kulipia ni kamari.

Tatizo ni kwamba mtoto, na mtu mzima pia, hajui hesabu yake. Ukimwambia kitu hutoka mara moja katika mia, hufikiri akijaribu mara mia atakipata. Sivyo. Chukua watu mia, kila mmoja ajaribu mara mia: yapata watu 37 watatoka mikono mitupu. Na kama kujaribu ni mara moja kwa juma, kama nasi pangoni, baada ya mwaka mzima watu 59 katika mia watakuwa bado wanangoja. Wala majaribio yaliyopita hayakusaidii kitu. Gurudumu halikumbuki ya kuwa umekwisha kuja.

Mpwa wangu anakaa kwetu, ana miaka 15. Mwaka jana alikuja akisema, "Mjomba, naomba shilingi elfu mbili, imebaki kidogo tu nipate koti." Imebaki kidogo! Maneno hayo nayajua yalivyo. Sikumfokea, wala simu sikuichukua. Nilimsimulia habari ya pete tangu mwanzo hata mwisho, naye akasikiliza vizuri, kisha akauliza, "Sasa iko wapi?" Nikamwambia iko kulekule, katika kidole cha mwindaji mwenye kichwa cha ng'ombe, na kwa kuwa silipi ada tena, hakuna awezaye kumwona. Akacheka mpaka akakaa chini.

Tukapatana hivi: atakachozungusha ni fedha yake mwenyewe ya kuuza mayai, na kila mara aandike kwenye karatasi ametoa kiasi gani na amepata nini. Karatasi ile tumeibandika nyuma ya mlango wa ghala, penye hesabu za pamba. Aliandika kwa bidii majuma matatu. Mstari wa mwisho ni mara ya 23, na mbele yake ameandika kwa kalamu ya risasi: kofia, ninayo tayari.